Mguso wa Pili: Somo kwa Wanaojiandaa kwa Safari ya Macho, Sudan Kusini

Andiko la kusoma: Marko 8:22–26. Soma pia Marko 10:46–52.

Jumapili iliyopita, habari za yule kipofu wa Bethsaida ziliposomwa, wengi wetu tulisema amina mapema mno. Tulisikia kwamba Yesu alimwekea mikono, tukajua mambo yameisha. Lakini Marko hakuandika hivyo. Baada ya kuguswa mara ya kwanza yule mtu alikuwa nusunusu. Aliona watu, lakini hakuweza kuwatofautisha na miti, isipokuwa kwamba walikuwa wanatembea. Ndipo Bwana akamwekea mikono tena, na mara hiyo akaona kila kitu waziwazi.

Wahubiri hupenda kuuliza kwa nini aliguswa mara mbili. Wengine husema ni imani ndogo, wengine ni kutoamini kwa kile kijiji. Mimi si mwalimu wa chuo cha Biblia na leo sitaingia huko. Kinachonishika ni lile swali lililo katikati. Yesu, mwenye uwezo wote, alimwuliza mgonjwa kama anaona kitu. Hakumwambia apige makofi. Hakumsimamisha mbele ya umati atoe ushuhuda, maana umati wenyewe alikuwa ameuacha kule kijijini. Aliuliza, akangoja jibu, na jibu halikuwa tamu. Hakuondoka. Na yule mtu naye alisema ukweli, jambo ambalo si rahisi ukiwa umesimama mbele ya mtumishi wa Mungu aliyekuombea sasa hivi.

Idara ya misheni imeniomba niandike somo hili kwa sababu mwezi wa Januari timu yetu inapanda barabara ya Kitale, Lodwar, Kakuma na Lokichogio, inavuka Nadapal na kuingia Narus, kaunti ya Kapoeta Mashariki, Sudan Kusini. Tunakwenda kuhudumia macho. Wazee kati yetu wanakumbuka Lokichogio ya miaka ile ya vita, ndege za misaada zikiruka kutwa, na hospitali ya Lopiding ambayo Msalaba Mwekundu walifungua mwaka 1987 kuwatibu majeruhi kutoka ng'ambo. Wakati ule wao walikuja kwetu. Sasa ni sisi tunakwenda, na nataka tuulizane vizuri tunakwenda kufanya nini.

Mzee niliyemwacha

Wacha niseme jambo ambalo sijawahi kulisimulia kanisani. Miaka mingi iliyopita, kabla sijahamia mji huu, nilikwenda safari kama hii na timu nyingine, katika nchi nyingine jirani. Kazi yangu ilikuwa kushika tochi na kupanga foleni. Tulikuwa na daktari mzuri, mpole, mwenye mkono mwepesi. Kwa siku tatu alitoa mtoto wa jicho kwa watu wengi. Mzee mmoja alifanyiwa siku ya mwisho, jioni. Asubuhi yake gari letu lilipangwa kuondoka saa kumi na mbili kwa sababu ya barabara.

Tulimwacha na bandeji jichoni, chupa moja ya matone, na karatasi ya maelezo kwa Kiswahili. Mzee yule hakujua Kiswahili. Hata kama angekijua, alikuwa haoni, sasa hiyo karatasi angeisoma vipi? Hilo lilinijia nikiwa tayari garini, tukiimba.

Baada ya miezi kadhaa mchungaji wa kule aliandika. Jicho liliingia uchafu, likavimba, likafa. Majirani walisema watu wa Yesu walikuja wakamtoa mzee jicho. Kanisa lile dogo lililotupokea lilibaki kubeba maneno hayo, sisi tukiwa nyumbani tumeshatoa ripoti. Na ripoti ilisema ukweli: ilihesabu macho yaliyopasuliwa. Haikuhesabu aliyeona, kwa sababu hakuna aliyerudi kuuliza.

Kwa hiyo mkisikia kwamba mwaka huu timu yetu haitafanya upasuaji wowote Narus, msidhani ni kukosa imani. Nilikuwa miongoni mwa waliokataa, na kikao kilikuwa kirefu. Najua bango lilikuwa limeshachorwa. Najua pia wengine mlitoa sadaka mkisikia neno upasuaji. Sadaka hiyo haijahamishwa. Itasafirisha wagonjwa, kila mmoja na mtu wake wa kumshika mkono, hadi hospitali yenye daktari ambaye kesho yake atakuwepo, na wiki inayofuata atakuwepo. Mazungumzo na maafisa wa afya wa kule na hospitali za upande huu bado yanaendelea, na hadi tupate jibu la maandishi hatutamwahidi mtu yeyote.

Upasuaji wa mtoto wa jicho si kitu cha kuogopa. Lenzi iliyo ndani ya jicho imekuwa na ukungu. Matone hayauondoi, miwani haiuondoi, inabidi lenzi hiyo itolewe na ya bandia iwekwe. Mkono uliozoea huimaliza kazi hiyo kwa dakika chache. Lakini jicho lazima litazamwe siku ya pili, matone yaendelee kwa majuma kadhaa, kisha mtu apimwe tena, maana wengine huhitaji miwani ndipo waone sawasawa. Hapo ndipo mguso wa pili ulipo. Anayeacha kazi baada ya mguso wa kwanza amewaacha watu wakiwa miti.

Tutakayoyakuta

Watu wa Narus wengi ni Watoposa, wafugaji, ndugu wa karibu wa Waturkana kwa lugha. Mturkana na Mtoposa husikilizana. Kwa hiyo ndugu zetu wa ushirika wa Turkana, ambao huwa tunawakumbuka siku ya kubeba viti, safari hii ndio midomo na masikio yetu. Wao watakaa mezani pa daktari, si nyuma ya lori. Wakati wa kiangazi vijana wengi huwa mbali na mifugo, nyumbani wamebaki wazee, akina mama na watoto. Kwa kazi ya macho hao ndio tunaowatafuta.

Eneo lile lina vikope, ugonjwa ambao madaktari huuita trakoma. Si mgeni kwetu. Turkana, Pokot Magharibi, Narok na Kajiado wanaujua. Ni bakteria. Hupita kwa vidole, kwa leso na shuka la kulalia pamoja, na kwa nzi wanaotua kwenye tongo za mtoto mmoja kisha wakatua kwa mwingine. Mtoto akiambukizwa tena na tena miaka nenda miaka rudi, ndani ya kope hupata makovu. Makovu huivuta kope ijikunje kwa ndani, na nywele zake hukwaruza jicho kila anapopepesa. Fikiria mchanga jichoni usiotoka, mchana na usiku. Baadaye kioo cha mbele cha jicho huwa cheupe, na kuona kulikopotea hivyo hakurudi. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake hupofushwa na vikope hadi mara nne zaidi ya wanaume, kwa kuwa wao ndio hukaa na watoto wadogo. Utakutana na mama ambaye amekuwa akizing'oa nywele hizo moja moja kwa kibano cha chuma. Usimcheke na usimkemee. Amejitibu kwa alichokuwa nacho.

Mpango unaotumika duniani dhidi ya vikope una mikono minne: kurekebisha kope iliyojikunja kwa upasuaji, dawa ya bakteria, uso safi, na mazingira yenye maji na vyoo. Dawa hiyo, azithromaisini, hutolewa kwa jamii nzima kwa mpango wa serikali na washirika wake, na hesabu huwekwa. Msiinunue kwa jumla mkaifungasha kwenye mabegi mkidhani mnasaidia. Mtaivuruga kazi ya wengine. Mkono wetu sisi ni uso. Na hapo nawaomba akina dada wa kufundisha watoto: msiwahubirie akina mama usafi kama watu wasiojua maji ni nini. Mama aliyetembea nusu siku na mtungi kichwani anajua maji kuliko mimi na wewe wa bomba. Onyesheni jinsi maji kidogo sana yanavyotosha kuosha uso wa mtoto, tengenezeni kibuyu chirizi pamoja nao, imbeni, mwende.

Yale maboksi mawili

Msinikasirikie. Yale maboksi mawili ya miwani ya zamani yaliyo ofisini hayatakwenda Narus.

Najua yametolewa kwa upendo. Lakini miwani ya daktari hukatwa kwa macho mawili ya mtu mmoja. Jicho la kushoto na la kulia hayafanani, na hata nafasi kati ya mboni na mboni hutofautiana. Kumpata kule Narus mtu mwenye macho kama ya mjomba wako aliyekupa ile miwani ni bahati nasibu. Tutakachofanya ni kumpigia magoti mtu ili aseme anaona vizuri, na kwa heshima atasema ndiyo, kisha akifika nyumbani ataitundika ukutani. Yule wa Bethsaida alisema ukweli kwa sababu aliyemwuliza alikuwa tayari kuusikia.

Badala yake tunanunua miwani mipya ya kuonea karibu. Mtu akipita miaka 40 hivi, lenzi ya jicho huanza kuwa ngumu, na vitu vya karibu hupotea. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 826 duniani hawaoni vizuri vitu vya karibu, wakati miwani rahisi ingewatosha. Miwani hii huanzia nguvu ya 1.00 na kuendelea. Wa miaka 40 na kitu huanza chini, wa miaka 60 huwa karibu na 3.00. Tena msifikiri ni ya kusomea Biblia peke yake. Mama wa Kitoposa hutunga shanga. Anachambua nafaka, anatia uzi sindanoni, anamtoa mtoto mwiba mguuni. Mpe ushanga na uzi, mvalishe miwani, kisha nyamaza. Uzi ukipita kwenye tundu, umejibiwa.

Watoto hawapewi miwani hiyo. Mtoto asiyeona vizuri anaandikwa daftarini na kupelekwa kupimwa na mtaalamu. Na mkimulika mtoto mchanga kwa tochi mkaona weupe katikati ya mboni, hiyo si ya kuambiwa aje mwakani. Mwiteni daktari saa hiyo hiyo, kwa sababu mengine ya hayo ni saratani, na kukawia humgharimu mtoto uhai.

Maombi na ubao wa herufi E

Sasa kuna swali ambalo vijana wawili waliniuliza baada ya ibada, na naliheshimu. Kama Mungu anaponya, kwa nini tunabeba miwani? Hatuonyeshi mashaka?

Mimi naamini uponyaji. Nimeuona, na sitaki kanisa letu lipoe. Katika hema la Narus kutakuwa na sehemu ya maombi, na atakayetaka kuombewa ataombewa. Lakini namjua mama mmoja, wa hapa hapa Kenya, aliyekuwa na presha ya macho, ile inaitwa glakoma. Ugonjwa huo hauumi. Hula kuona kutoka pembeni, polepole, na kilicholiwa hakirudi. Matone ya kila siku huzuia kilichobaki kisiliwe. Katika mkutano mmoja wa injili aliombewa, akaambiwa kuendelea na matone ni kumkana Mungu, akayatupa. Kwa kuwa hakuwa na maumivu alijiona mzima, akashuhudia. Leo anaona dunia kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Aliyemwambia ayatupe hakuwahi kurudi kumwuliza anaona nini.

Ndiyo sababu ubao wetu wa kupimia utakuwa mita 6 kutoka kwenye kiti kabla ya maombi na baada ya maombi. Ni ubao wa herufi E inayogeuzwa juu, chini, kushoto na kulia. Asiyejua kusoma anaonyesha kwa vidole miguu ya E imeelekea wapi. Jicho moja linafunikwa kwa kiganja bila kulikandamiza, kisha la pili. Kama haoni, tunampa kadi nyeusi yenye kitundu kidogo aangalie kupitia hapo. Akiona afadhali, mara nyingi shida yake ni ya miwani. Asipopata nafuu, daktari ataangalia zaidi. Kama Mungu amemponya mtu, ubao utasema, na tutashangilia kwa sauti hadi Kapoeta isikie. Kama bado, tutamwandika daftarini kwa hatua inayofuata, na hakuna mtu wa timu atakayemwambia kwamba imani yake ni ndogo. Wala hakuna atakayemwambia aache dawa. Hilo si ombi. Mchungaji amelitia sahihi.

Na kabla ya yote hayo, uliza. Bartimayo alipopiga kelele Yeriko, kila mtu aliona ni kipofu, lakini Bwana alimwuliza anataka afanyiwe nini. Mwingine atakuja kwetu si kwa ajili ya jicho bali kwa ajili ya mjukuu anayemshika fimbo. Katika sehemu nyingi za wafugaji, kipofu huongozwa na mtoto, mmoja ameshika ncha hii ya fimbo na mwingine ile, na mtoto huyo haendi shule. Mzee akipata kuona, na mtoto ameachiliwa. Waandikeni wote wawili.

Kumwongoza kipofu nako kuna adabu yake. Usimvute mkono kama mbuzi. Mwambie jina lako kupitia kwa mkalimani, mpe kiwiko chako akishike, tembea nusu hatua mbele yake, na ukifika kwenye kiti weka mkono wake juu ya mgongo wa kiti. Yesu alimshika yule mtu mkono akamtoa nje ya kijiji, hatuambiwi alimkimbiza. Picha hazipigwi mpaka mtu aulizwe na akubali, na jicho bovu la mtu si la kuweka kwenye simu.

Karatasi

Hapa nitakwenda haraka. Madaktari na wauguzi wetu wanahitaji ruhusa ya kutibu kutoka kwa mamlaka ya afya ya nchi ile. Leseni ya Kenya peke yake haitoshi. Dawa na miwani zinahitaji orodha iliyopigwa muhuri, la sivyo zitalala mpakani. Kila mtu awe na hati ya kusafiria, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, neti na dawa za kuzuia malaria alizoelekezwa na daktari. Usalama wa barabara ile hubadilika. Mchungaji mwenyeji akisema leo hatusafiri, hatusafiri, hata kama tumefunga na kuomba siku tatu.

Daftari ndilo silaha yetu kubwa. Jina, kijiji, jicho lipi, ameonekana na nini, hatua inayofuata, na nani atamfuata. Nakala moja inabaki na mchungaji wa Narus, ya pili kituo cha afya, ya tatu tunakuja nayo. Kama tungekuwa na daftari hilo miaka ile, yule mzee angekuwa na mtu wa kubisha mlangoni kwake siku ya tatu.

Mafunzo ni Jumamosi hii saa tatu asubuhi katika ukumbi wa vijana. Kila mmoja aje na tochi ndogo, kalamu na kamba ya mita 6 iliyopimwa, si ya kukadiria. Tutapimana macho wenyewe kwa wenyewe, na najua watakaogundua siku hiyo kwamba wamekuwa wakiimba nyimbo za kwenye ukuta kwa kukariri.

Jambo la mwisho ni safari ya pili. Wiki sita baada ya kurudi, watu sita wanatakiwa kwenda tena Narus kwa siku nne, na daftari mkononi, kutafuta kila aliyeandikwa. Hakuna mkutano wa jukwaa, hakuna fulana, na gari ni moja. Fomu zote mbili ziko kwa katibu wa kanisa. Hadi Jumatano jioni ya safari ya kwanza ilikuwa na majina 31. Ya safari ya pili ilikuwa na mawili, na moja ni langu.